Siku Nilipowafuta Madoto Wote

Wanangu, wiki iliyopita mlinishtua pale Buzuruga. Pendo alinialika kwenye kile chumba chenu juu ya duka la vipuri, mnakojifunzia kuandika programu za kompyuta. Mkanipa kiti, mkaniamkia mmoja mmoja, nikamaliza marahaba zangu zote. Kisha Pendo akaigeukia kompyuta yake akaiandikia kwa Kiswahili, Kiswahili hiki hiki cha kuagizia sukari dukani: "Niandikie programu ya kupanga majina ya watoto wa chanjo." Na ile mashine ikajibu. Kwa Kiswahili! Ikasema sawa, ikaandika programu nzima, halafu ikamuuliza kama angependa ifafanue.

Nilivua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikaivaa tena. Mlicheka mpaka mmoja wenu akashika ukuta. Chekeni tu. Mimi nilikuwa nakumbuka nilivyoipata kazi hii, na nilivyokaribia kumuua mtoto wa mtu kwa kazi hiyo hiyo. Mliniomba niwasimulie siku hiyo, nikashindwa pa kuanzia. Ndiyo maana nawaandikia.

Naitwa Doto. Nilizaliwa Bujora na pacha wangu Kulwa, yeye akinitangulia kwa muda wa kuchemsha chai, na utangulizi huo amenikumbusha maisha yangu yote. Wale mliotoka Musoma au Bukoba huenda hamjui: kwetu Wasukuma mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, awe mvulana awe msichana, na atakayezaliwa baada yao ni Shija. Ukisimama stendi ya Igoma ukaita "Doto!", watageuka watu kadhaa na kuku wao. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Nilianza kujifunza nikiwa na miaka ishirini na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu wangu alikuwa Mutalemwa, Mhaya wa Kagera, na utani wetu na Wahaya kuhusu Kiingereza mnaujua. Yule bwana alimkemea hata mbwa wa jirani kwa Kiingereza, na mbwa alikuwa anaondoka. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko kuu, kompyuta mbili zenye skrini nyeusi na maandishi ya kijani, na kitabu kimoja kinene kilichotoka mbali. Wanafunzi tulikuwa sita. Kitabu kilikaa mezani kwake, na kila mtu alipewa saa moja kwa siku kukinakili.

Sasa fikirieni. Saa moja, kitabu cha Kiingereza, na mimi kila mstari una maneno manne nisiyoyajua. Nikagundua mbinu. Kurasa zile zilikuwa na sehemu mbili: programu yenyewe, mistari mifupi mifupi, na maelezo marefu chini yake. Mistari mifupi niliiweza. Maneno yake yalikuwa machache na yanajirudia, kwa hiyo nikanunua kaunta buku, nikachora mstari katikati, kushoto nikaandika neno, kulia nikaandika mashine inafanya nini ikilisoma. "While" niliandika: inarudia mpaka uiambie basi. "Else" niliandika: usipoweza hilo, fanya hili. Maana yake kwa Waingereza sikuijua wala sikuihitaji. Maelezo marefu niliyaruka. Mpaka mwisho wa mwaka kaunta buku lilikuwa limejaa, na sikuwa nimesoma aya hata moja ya kile kitabu.

Na nilijiona mjanja! Wenzangu wawili waliojua Kiingereza walikuwa bado wanasoma utangulizi.

Siku moja mashine ikaniandikia 'fatal error'. Neno la pili nililifahamu, lilikuwa rafiki yangu wa kila siku. La kwanza nikalitafuta kwenye kamusi: lenye kufisha. Wanangu, nilitoka nje. Nilisimama kwenye ngazi za duka la jirani, nikiamini kuna mtu anakufa mahali fulani kwa sababu nimesahau nukta. Mwalimu akanifuata.

"Doto, nini tena?"

"Mwalimu, mashine imesema kosa langu linaua."

Alicheka akaketi chini. "Rudi ndani mama. Kompyuta haijawahi kuua mtu."

Nilimwamini.

Lakini msidhani alikuwa mwalimu wa ovyo. Nilichojua kabla ya kugusa kibodi alinifundisha yeye. Hakukuruhusu kuandika programu mpaka kwanza umtume yeye kama mashine, kwa lugha unayoota nayo. Mimi nilimtuma kwa Kisukuma, ambacho hakukijua vizuri, akataka nimweleze mpaka aelewe. Mara moja alileta sato mzima kutoka soko la samaki la Mwaloni, bado anapiga mkia, akasema, "Mimi ni kompyuta. Nipeni amri nimsafishe." Tukasema toa magamba. Akaanza kumsugua kwa kiganja, kwa sababu hakuna aliyemtajia kisu. Tukasema chukua kisu. Akachukua, akakishika kwa makali. Tukapiga kelele wote. Yule sato alikuwa chakula cha mchana cha mkewe, na alifika nyumbani hafai hata kwa supu. Mkewe alikuja darasani kututazama, mmoja baada ya mwingine.

Somo la sato lilikuwa kwamba mashine haijui usichoitajia. Nililiandika kwenye kaunta buku na kulipigia mstari. Nami nikaenda kulivunja kwa namna ambayo sijui nani mwingine angeliweza.

Ilianzia kwenye jina la baba yangu. Alikuwa Ng'walu. Kila nilipojaribu programu niliweka watu wa nyumbani, na kila nilipoandika Ng'walu mashine ilikataa, ikanijazia skrini makosa. Ninyi mnajua sababu: kile kialama juu ya jina ndicho mashine ilikitumia kufunga maneno, ikadhani jina limeishia hapo. Mimi sikujua. Nilichoelewa ni kwamba kompyuta haitaki majina yetu. Nikafungua kitabu, nikaona wao wanamtumia John na Mary. Nikaweka John na Mary, ikapita bila tatizo. Tangu siku hiyo kila programu yangu niliijaribu kwa John na Mary wa London, na nilipopata kazi hospitalini, beji yangu niliomba iandikwe Dorothy. Ubatizo wangu ni Dorotea, kwa hiyo haukuwa uongo kamili. Niliona aibu tu kukaa mbele ya kompyuta nikiitwa Doto.

Hospitali yenyewe siitaji. Nilikuwa mtu wa pekee pale aliyejua kuandika programu, na nilitembea kama mganga mkuu. Walinipa kliniki ya watoto wa selimundu. Ninyi mnaujua ugonjwa huo, kanda yetu ya ziwa unatutesa sana. Mtoto wa selimundu lazima aje kila mwezi, apimwe, apewe vidonge, maana akikosa, damu inaweza kuisha mwilini huku mama anadhani ni malaria. Kompyuta ndiyo iliyotoa orodha ya nani aje lini. Karani dirishani alikuwa anaitazama hiyo tu.

Tatizo lilikuwa marudio. Mzazi akipoteza kadi, karani anafungua taarifa mpya. Mtoto mmoja anakuwa watoto watatu. Jina halikusaidia, kwa sababu watoto wetu wana la ubatizo, la ukoo, na la kuitiwa chakula, na karani huyu anaandika Kulwa na yule Kurwa. Nikaambiwa: safisha. Nikakumbuka kwenye kaunta buku nina programu ya kazi hiyo hiyo, niliyoinakili kitabuni. Tazama jina la mama, tazama kijiji, tazama tarehe ya kuzaliwa. Vikifanana vyote vitatu, huyo ni mtu mmoja. Mbakize wa kwanza, mfute wa pili.

Nyie mmeshaona. Mimi sikuona. Nilimweka John mara tatu na Mary mara mbili, nikabonyeza, nikabaki na John mmoja na Mary mmoja. Mwalimu Mutalemwa alipita kunisalimia siku hiyo, nikamwonyesha, akasema safi sana, na kunipa mkono. Nikaiendesha kwenye orodha ya kweli. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua linawaka dirishani, na mimi nakunywa soda. Ikachukua muda wa soda moja. Orodha ikatoka imenyooka, fupi, nzuri. Mganga mkuu alinisifu mbele ya wauguzi.

Miezi mitatu baadaye karani akaniita dirishani. "Dada Dorothy, kuna mama hapa anasumbua. Hii ni mara ya tatu. Kompyuta inamkataa."

Alikuwa mama wa kijiji cha kule Kisesa, kanga mbili, miguu na vumbi la njia. Mgongoni amebeba msichana wa miaka kama saba. Mtoto mkubwa vile habebwi, miguu ilikuwa inaning'inia mpaka magotini mwa mama yake. Mvulana wa umri ule ule alishika pindo la kanga. Midomo ya msichana ilikuwa myeupe.

Karani akasoma skrini. "Mama, nimekwambia. Una mtoto mmoja wa tarehe hiyo. Anaitwa Kulwa, alipimwa, hana ugonjwa. Mtoto wako ni mzima. Nenda nyumbani."

Yule mama hakupandisha sauti. Alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa na beji. "Dada, mimi nilizaa wawili. Uchungu niliusikia mara mbili. Nyie mnasema nimezaa mmoja?"

"Huyu wa mgongoni anaitwa nani?" nikauliza.

"Doto."

Sijui niwaeleze vipi. Mama mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja. Mbakize wa kwanza, mfute wa pili. Wa kwanza daima ni Kulwa. Nilikuwa nimewafuta Madoto wote wa kliniki ile, mmoja baada ya mwingine, nikinywa soda. Lile neno la ngazini, lenye kufisha, likanirudia wazi kama limeandikwa ukutani.

Mama akauliza, kwa upole kabisa, "Na wewe dada, unaitwa nani, nijue niliyeongea naye?"

Nilimwambia, "Dorothy."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lile la kwanza. Kufuta nilifuta kwa kutojua. Hili nililisema nikijua.

Mtoto aliingizwa wodini siku ile ile, akaongezwa damu. Siku ya kwanza daktari hakuahidi kitu. Siku ya pili pia. Mimi nilikuwa napita mlango wa wodi, naona kitanda, naondoka. Nikamtafuta Mwalimu Mutalemwa, nikamweleza nikilia. Akachukua kile kitabu kinene, akafungua ule ukurasa, akateremka chini ya mistari mifupi mpaka kwenye maelezo. Akasoma kimya. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mwalimu, inasema nini?"

Akanitafsiria polepole, na sauti yake ya kukemea mbwa ilikuwa imekwisha. Maelezo yalisema: angalizo, usitumie programu hii ilivyo kwa orodha ya watu, kwa sababu itawafuta mapacha.

Wanangu, nilikaa sakafuni. Mtu wa ng'ambo ambaye hajawahi kufika Usukuma aliwakumbuka mapacha. Mimi niliyelala tumbo moja na pacha niliwasahau. Mwalimu naye alikuwa anajua Kiingereza chote kile, na aliipita aya hiyo miaka yote kwa sababu aliona programu inaeleweka. Tulitazamana kama watu waliofumaniwa.

Siku ya nne niliingia wodini. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anakula uji. Nikasimama mbele ya kitanda, nikavua beji. Nikamwambia yule mama kwamba ni mimi niliyemfuta mwanaye, kwamba hakuna mashine iliyokosea, na kwamba jina langu si Dorothy. Mimi ni Doto, wa Bujora, na Kulwa wangu yupo.

Alinitazama. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Aliweka kikombe cha uji chini.

"Wewe ni Doto," akasema.

"Ndiyo mama."

"Doto kabisa?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo lisilowezekana. Kisha akasema neno moja tu. "Mrudishe."

Kumrudisha hakukuwa rahisi, kwa sababu sikuwa nimeweka nakala ya orodha ya zamani. Ilikuwa imefutwa kweli kweli. Kilichotuokoa ni kadi za karatasi za hospitali, zilizokuwa kwenye maboksi stoo. Zilitakiwa kuchomwa moto na mlinzi wa stoo alikuwa mvivu, Mungu ambariki kwa uvivu wake. Mimi na Mwalimu tulikaa kati ya maboksi yale wiki mbili, yeye anasoma, mimi naandika. Doto. Doto. Doto. Siku nzima naandika jina langu. Kila tulipompata mmoja, muuguzi alipanda basi kwenda kijijini kumtafuta. Wote walipatikana hai. Sikustahili hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Yule wa mgongoni alipona, ila nyonga yake ya kushoto iliharibika, na hadi leo anachechemea. Ni fundi cherehani pale Igoma. Nguo zangu zote anashona yeye, na ananiita wajina. Siku nikisikia hatua zake zisizo sawa mlangoni, bado nashtuka.

Nilipomsimulia Kulwa, pacha wangu, alisema, "Kwa hiyo mimi ulinibakiza." Nikasema ndiyo. "Hata mashine inamjua mkubwa." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikaishia kulia tena.

Baada ya hapo nilibadilika. Sikufuta tena kitu cha mtu: niliweka alama pembeni kwamba huyu anashukiwa kurudiwa, mtu mwenye macho akatazame. Nilijifunza kuandika Ng'walu mpaka mashine ikamkubali, na ilinichukua asubuhi moja tu, wanangu, asubuhi moja. Nilisoma maelezo marefu kwa kamusi, neno kwa neno, hata kama aya moja ilikula siku. Na kila programu niliyoandika mpaka nastaafu, watu wa kwanza kuingia humo walikuwa mimi na Kulwa.

Ndiyo maana pale Buzuruga, mlipomaliza kucheka, niliomba jambo. Pendo alikuwa ameiambia mashine yenu, "Ondoa watoto waliojirudia, hata kama majina yameandikwa tofauti." Nayo ikaandika haraka kuliko mtu anavyopiga chafya: linganisha mama, kijiji na tarehe. Ikaijaribu yenyewe, kwa majina ya Kiswahili safi, Juma na Asha. Ikasema kila kitu kiko sawa. Orodha hiyo ni ya watoto wa zahanati ya Kisesa, mnakumbuka.

Nikasema, "Pendo, tuingize mimi na dada yangu." Akaandika. Kulwa, Doto, mama yetu, Bujora, tarehe yetu. Akabonyeza. Mimi nilikuwa najua kitakachotokea.

Pendo akasogea karibu na skrini. "Bibi," akasema taratibu, "imekufuta."

"Si mara ya kwanza," nikamwambia. "Mara ya kwanza nilijifuta mwenyewe."

Hakuelewa. Akaiandikia mashine kwamba imemfuta Doto, na Doto ni mtu. Na hapo ndipo niliposhtuka kuliko mwanzo: iliomba radhi papo hapo, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Haikupepesa. Radhi hiyo hiyo mimi ilinichukua siku nne, na niliitoa mbele ya kitanda, mtoto ananitazama na uji mdomoni.

Mkanigeukia wote. "Sasa tufanyeje, Bibi?" Pendo akauliza.

Nikamwambia nilichoambiwa na yule mama.

"Mrudishe."